Macho Mekundu ya Mnyama wa Kufugwa

Leo turudi nyuma kidogo. Aprili 2003, panya buku kutoka Ghana walipelekwa Marekani kuuzwa kama wanyama wa kufugwa. Huko waliwekwa karibu na wanyama wadogo wa jamii ya kuchakuro, wakawaambukiza ndui ya nyani, ambayo siku hizi huitwa Mpox. Kuchakuro wale walikohoa, macho yakawa mekundu na kuvimba. Nani asingedhani ni vumbi tu? Mei, msichana wa miaka 3 huko Wisconsin aling'atwa na mmoja wao, akaugua. Wagonjwa waliothibitishwa na wale wenye uwezekano mkubwa wa kuwa nayo walifika 47, katika majimbo 6. Hakuna aliyefariki.

Mwanao aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, umpeleke kliniki. Mweleze daktari ni mnyama gani, na macho yake yalikuwaje.