Maziwa ya kopo: ya chai, ya tambi na yasiyomfaa mtoto

Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Muscat, Dubai na Doha, maziwa yasiyokosekana kabatini ni ya kopo. Wengi huyaita Abu Qaws, jina la Kiarabu la Rainbow, chapa yenye asili ya Uholanzi, hata kopo likiwa la kampuni nyengine. Ni maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa maji kiasi cha asilimia 60, kisha yakapikwa ndani ya kopo lililozibwa mpaka vijidudu vikafa. Moto huo ndio unaoyapa rangi ya krimu na ile ladha ya sukari iliyoanza kuungua. Mswisi Johann Baptist Meyenberg alisajili njia hii Marekani mwaka 1884.

Kabla ya mapishi, soma kopo. Dukani yako ya namna tatu, na yanafanana. Haya ninayoyaeleza hayakutiwa sukari. Gramu 100 zina takriban gramu 10 za sukari ya maziwa yenyewe. Maziwa mazito ya sukari yana zaidi ya gramu 50. Kwa bibi mwenye kisukari, kukosea kopo si jambo dogo. La tatu ni la maziwa yaliyoondolewa mafuta yake yakatiwa mafuta ya mimea. Chai utapata, lakini mimi silinunui, ladha yake haifiki.

Chai ya karak ndiyo iliyoyapa jina maziwa haya huku kwetu. Neno limetoka kwenye "kadak" ya Kihindi na Kiurdu, yaani kali. Kwa vikombe vitatu vya maji natia vijiko vitatu vidogo vya majani, hiliki tano zilizopondwa na sukari, na kama nataka tangawizi naitia hapo hapo mwanzo. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na kuchemka ndiko kunakokiua. Nikishachemsha dakika tano, natia nusu ya kopo dogo la gramu 170, naacha ifure mara mbili tatu, nachuja. Maziwa yameshapikwa kiwandani, kwa hiyo hakuna haja ya kuyachemsha muda mrefu. Zafarani ni ya wageni.

Ukitaka maziwa ya kawaida kwa uji au kastadi, changanya kopo moja na maji ya kipimo hicho hicho. Kwa tambi za sukari za futari nayatia bila maji, tambi zikishaiva, pamoja na hiliki na zabibu. Sufuria ifunikwe, moto uwe mdogo. Juisi ya maembe nayo hupata uzito mzuri kwa vijiko viwili vitatu, ikiwa baridi.

Sikubaliani na wanaoyatia badala ya tui kwenye samaki wa kupaka au mchuzi wa papa. Nazi haina mbadala hapo, na makopo ya tui yamejaa madukani. Tena vyakula hivyo vina ndimu au ukwaju, na ukali huo hukata maziwa. Ukilazimika kuyatia kwenye mchuzi wa nyanya, epua kwanza, yatie kidogo kidogo huku unakoroga, na usirudishe motoni.

La mtoto mchanga nalisema waziwazi, kwa kuwa bado nasikia wazee wakishauri yachanganywe na maji yatiwe chupani. Ushauri huo una historia: Marekani, katikati ya karne iliyopita, watoto wengi walilishwa hivyo, pamoja na sharubati ya mahindi. Siku hizi haushauriwi. Yana madini ya chuma kidogo mno na chumvichumvi nyingi kwa figo changa. Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo; mama akishindwa, aonane na daktari kuhusu maziwa maalumu ya watoto. Maziwa mazito ya sukari ndiyo mabaya zaidi kwa mtoto huyo.

Kopo likishafunguliwa, mimina yaliyobaki kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko, weka kwenye friji, uyamalize ndani ya siku tatu. Yasilale mezani, kwa joto la Juni hapa Muscat, hata saa moja ni nyingi. Kopo lililovimba litupwe bila kuonjwa.