Transfoma, mshenga wa redio

Ukitaja transfoma, wengi hukumbuka lile pipa la kijivu kwenye nguzo ya umeme, hasa likiungua na mtaa mzima kuingia gizani. Kazi yake ndani ya redio haisimuliwi sana.

Chanzo ni London, tarehe 29 Agosti 1831. Michael Faraday alizungushia pete ya chuma koili mbili zisizogusana. Kila alipounganisha betri kwenye koili ya kwanza, na kila alipoikata, sindano ya galvanometa kwenye koili ya pili ilishtuka, kisha ikatulia. Kilichovuka ni badiliko la mkondo. Mkondo uliotulia haukuvusha kitu.

Nusu karne ikapita. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, waliunda transfoma yenye kiini kilichofungika pande zote, isiyopoteza nguvu nyingi za sumaku. Mwaka uliofuata William Stanley akaitumia transfoma kuwasha taa mjini Great Barrington, Marekani. Tangu hapo ikajulikana kwa kazi moja: kupandisha na kushusha volti.

Mafundi wa redio waliipa kazi nyingine, ya ushenga kati ya pande mbili zisizolingana. Vali ya mwisho katika redio za zamani ilitaka mzigo wa maelfu ya omu, ilhali spika ilikuwa na omu chache tu. Bila transfoma katikati, sauti ilififia.

Siri ni hesabu: ukinzani hubadilika kwa mraba wa uwiano wa mizunguko. Gustav Guanella wa Uswisi mwaka 1944, na Clyde Ruthroff wa Marekani mwaka 1959, walionyesha namna ya kuunda transfoma zinazohudumia masafa mapana, na wanaredio wa ridhaa wakanufaika.

Chukua waya wa antena wenye nusu ya urefu wa wimbi, unaolishwa nchani. Ncha hiyo ina ukinzani wa maelfu ya omu. Mtambo wa kurushia mawimbi unataka omu 50. Pete ya feraiti yenye mizunguko 2 upande wa mtambo na 14 upande wa antena hutoa uwiano wa 7, mraba wake 49, na omu 50 huwa 2,450. Pande mbili zimepatana, na nguvu hairudi ilikotoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanaredio mzoefu akiona mawimbi yake hayafiki mbali, huikagua pete hiyo kwanza kabla ya kununua mtambo wenye wati nyingi zaidi.