Pikipiki Isiyowaka: Kuchunguza Tatizo na Kutunza Betri

Kawetele, kata ya eneo la Tukuyu wilayani Rungwe, iko kwenye nyanda za juu ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na baridi hukaza Juni na Julai. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito. Unyevu nao huleta kutu kwenye viungo vya nyaya. Kwa hiyo bodaboda ikigoma asubuhi, umeme ukaguliwe kwanza, kabla injini haijafunguliwa.

Dalili. Stata ikigonga tu au kuzunguka kwa uvivu huku taa zikififia, betri imeishiwa chaji, au vichwa vyake vimelegea au kuota ukungu mweupe. Kukiwa kimya na taa haziwaki, tazama fyuzi. Taa zikiwaka vizuri lakini stata iko kimya, kagua swichi na rilei yake. Stata ikizunguka kwa nguvu bila injini kuwaka, kagua koki ya mafuta, kabureta, swichi ya kuzimia injini na plagi. Baada ya mvua, kofia ya plagi huwa imeingia maji.

Vipimo. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache, husoma takriban 12.6 hadi 12.8, chini ya 12 imeisha. Injini ikiunguruma kwa mwendo wa wastani, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, koili ya kuchajia, rektifaya au nyaya zake zina hitilafu, na hata betri mpya itaisha. Ikizidi 15, betri inachajiwa kupita kiasi na maji yake hukauka.

Kiki. Pikipiki nyingi za kabureta hupata cheche kutoka kwenye magneto, hivyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Unafuu huo huficha ugonjwa: betri ikikaa bila chaji, salfeti huganda kwenye sahani zake za risasi, na mwishowe haichajiki tena.

Utunzaji. Betri ya maji iongezwe maji yaliyotoneshwa, si ya bomba wala asidi. Ichajiwe polepole, kwa sehemu moja ya kumi ya ujazo wake: ya ampea-saa 5 hupewa ampea 0.5, mbali na moto, kwa kuwa hutoa hidrojeni. Unapoifungua, anza na waya wa hasi. Unapoifunga, umalizie huo.