Mreno, Gaidi na Mpigania Uhuru: Habari za Ulimwengu Redioni na Pwani ya Kilwa na Lindi

Historia ya redio nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kutoka Dar es Salaam, palipokuwa na studio na mitambo. Makala haya yanaitazama kutoka upande wa pili, yaani Pande na vijiji vingine vya pwani ya Kilwa na Lindi. Hoja yake ni kwamba katika ukanda huu msamiati wa habari za kimataifa haukuwa wa mbali, kwa kuwa mengi yaliyotangazwa kuwa ya ulimwengu yalikuwa pia ya jirani.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilifuata mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Mwaka 1965 Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilivunjwa, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikawa chombo cha serikali. Wakati huo vita vya Msumbiji vilikuwa vimekwisha kuanza, tarehe 25 Septemba 1964. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipewa nafasi ya kutangaza redioni, na Nachingwea, katika mkoa wa leo wa Lindi, ikawa kambi yake kuu ya mafunzo.

Hapa ndipo uteuzi wa maneno ulipokuwa na uzito. Watawala wa Kireno waliwaita wapiganaji hao magaidi. Redio Tanzania iliwaita wapigania uhuru. Tofauti hii haikuwa ya mtindo tu. Gaidi hufukuzwa, ilhali mpigania uhuru ni mgeni wa kupokewa. Kwa msikilizaji wa kusini, nomino moja katika taarifa ya habari ilimfundisha namna ya kumtazama mtu aliyeweza kukutana naye njiani.

Neno Mreno nalo lilikuwa na umri mrefu katika pwani hiyo. Mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliuteka na kuupora mji wa Kilwa. Ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hadi leo, na neno lenyewe lina asili ya Kireno, lenye maana ya kanisa. Taarifa ya habari ilipomtaja mkoloni Mreno, ililihuisha neno ambalo mandhari yenyewe ilikuwa imelihifadhi. Beberu, kwa upande wake, alitolewa zizini: jina la mbuzi dume likawa jina la dola inayonyonya nyingine.

Hata hivyo, redio ya serikali ilikuwa na msimamo wa serikali. Mwenye kufungulia pia London au Cologne aliweza kulinganisha tukio moja kwa Kiswahili cha vituo mbalimbali, na ulinganisho huo ulikuwa shule ya lugha na ya siasa.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Neno mpigania uhuru liliendelea kutumika kwa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Kwa hiyo, historia ya istilahi za kisiasa za Kiswahili haina budi kuzingatia mahali zilipopokewa, sawa na mahali zilipoundwa.