Chumvi Isiyozama

Chukua maji yaliyochirizika kutoka kwenye rundo la mawe ya mgodi, yatie katika chupa ya kioo pamoja na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, kisha nyunyizia unga wa kijivu na upashe moto. Povu linapanda. Muda si mrefu unasikia harufu ya banda la kuku, na karatasi nyekundu ya litimasi ikishikiliwa kwenye mvuke inageuka bluu. Hiyo ni amonia. Dakika chache nyuma ilikuwa nitrati, isiyo na rangi wala harufu.

Unga huo una jina la Arturo Devarda, mkemia Mwitaliano aliyeutangaza mwaka 1892: shaba asilimia 50, alumini 45, zinki 5. Devarda hakuwa na nia ya kusafisha mto wowote. Alitaka tu kupima. Lakini unga wake unaonyesha kwa urahisi kwamba nitrati inaweza kuvunjwa kwa kemikali, na mada hiyo inawahusu watu wa Nyamongo kuliko wanavyoambiwa.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo, wilayani Tarime, Tanzania, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mto Tigithe unapita jirani na kumwaga maji yake Mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni wilaya ya Serengeti, kwa Wangoreme. Mgodi wowote wa namna hii hulipua mwamba, na baruti inayotumika zaidi duniani ni nitrati ya amonia, ndugu wa mbolea ya CAN, ikichanganywa na dizeli kwa kipimo cha 94 kwa 6. Shimo likiwa na maji, au chembe zikimwagika wakati wa kujaza, si zote zinazoungua. Zinazobaki huganda kwenye mawe, na mvua ya kwanza inaziosha.

Kuna mlango wa pili ambao nitrati hupitia. Sayanaidi, iliyoanza kutumika kukamulia dhahabu baada ya ugunduzi wa MacArthur na ndugu wawili Forrest huko Glasgow mwaka 1887, nayo ina naitrojeni ndani yake. Tangu miaka ya 1980 migodi mingi huiua kwa gesi ya salfa, hewa na shaba kidogo. Sayanaidi inakufa kweli, ila naitrojeni yake haifi. Inakuwa sayaneti, kisha amonia, na bakteria wakiipata wanaigeuza nitrati. Imebadili jina tu.

Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodini yaliingia Tigithe, na kampuni ikasema plastiki ya bwawa ilikuwa imeibwa. Ugomvi wa siku zile ulikuwa wa asidi na metali. Kwa maradhi hayo dawa ni ya zamani: chokaa. Asidi inapoa, metali nyingi zinaganda na kuzama chini kama masimbi ya kahawa. Nitrati haizami. Karibu chumvi zake zote huyeyuka majini, kwa hiyo mwaga chokaa gunia kwa gunia, yenyewe itapita mbele yako. Ukiichuja kwa utando maalumu, umeikusanya tu katika maji machache yenye chumvi kali zaidi.

Na haifai kuachwa. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza jinsi watoto wachanga walionyweshwa maji ya visima yenye nitrati walivyogeuka rangi ya bluu, damu yao ikishindwa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita.

Njia ya alumini, ile iliyomo katika unga wa Devarda, ilijaribiwa miaka ya 1990 na maabara ya Oak Ridge kwa taka za nyuklia za Marekani, zilizosheheni nitrati. Ilifanya kazi, ila kwa kuzaa amonia, ambayo kwa samaki ni mbaya kuliko nitrati yenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Wajerumani Vorlop na Tacke walikuja na palladiamu na shaba zikilishwa hidrojeni. Humo sehemu kubwa ya nitrati huishia kuwa gesi ya naitrojeni, hii hii tunayoivuta kila pumzi. Hapo ndipo kesi inafungwa. Tatizo ni bei ya palladiamu, na maji machafu yanaichosha upesi.

Tarime iliendelea na mabwawa. Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu. Kisha Machi 2022 samaki walielea Mto Mara. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Samwel Manyele ilisema kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na majani yaliyooza vilikuwa vimemaliza oksijeni. Wengi hawakuikubali taarifa ile, na wengine waliicheka waziwazi.

Ajabu ni kwamba maji yasiyo na oksijeni, yanayomuua samaki, ndiyo yanayoiua nitrati. Wafaransa Gayon na Dupetit walionyesha katika miaka ya 1880 kuwa kuna bakteria ambao hewa ikiisha hupumua nitrati badala yake, na kutoa naitrojeni. Wanachodai ni chakula: kiwandani hupewa methanoli au molasi, kwenye kinamasi hujilia majani yaliyooza. Hao ndio wanaotumika sana leo, kwa kuwa kila wamalizapo kazi huzaliana, jambo ambalo palladiamu haiwezi.

Kinamasi cha Mara kimejaa mafunjo kabla mto haujafika daraja la Kirumi na Ziwa Victoria. Chini ya mizizi ile, ndani ya tope jeusi, viputo vidogo hupanda na kupasuka juu ya maji. Vingi ni methani. Baadhi ni naitrojeni.