Mkanda wa kufungia mzigo: maana, matumizi na uteuzi

mkanda nomino, wingi *mikanda*, upatanisho u-/i-

1. Ukanda wa ngozi au kitambaa unaovaliwa kiunoni kushikilia vazi.
2. Kifaa kinachomshikilia msafiri kitini mwake. *Mkanda wa usalama*.
3. Utepe wa kunasia sauti au picha.
4. Ugonjwa wa malengelenge yanayojipanga mstari upande mmoja wa mwili. *Mkanda wa jeshi*.
5. Utepe mpana wa nyuzi imara, wenye kikazio na kulabu, utumikao kufungia magari na shehena zisisogee safarini.

Makala haya yanahusu maana ya tano. Ndiyo changa kuliko zote, na ndiyo ambayo kosa la tafsiri laweza kuangusha gari kutoka juu ya tela. Mikanda hii hufika ikiwa na lebo za lugha za kigeni, ilhali wanaoifunga bandarini Mombasa na Dar es Salaam, na katika barabara ziendazo Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, wengi huelewana kwa Kiswahili. Anayetafsiri lebo au mwongozo wake hana budi kujua kifaa chenyewe kabla ya kuteua neno.

Maneno jirani

*Kamba* ni jina la jumla la kitu kilichosokotwa kwa nyuzi, kiwe cha katani, mnazi au nailoni. Husokotwa, hukunjwa na hupigwa fundo. *Ugwe* ni mwembamba kuliko kamba, nao hufaa kufungia furushi, si gari. Katika lugha ya mabaharia kila kamba ina jina kwa kazi yake: *amari* ni ya nanga, *henza* ni ya kupandishia foromali. Fundisho la mabaharia hao ni kwamba kamba hutajwa kwa inachokifanya, wala si kwa sura yake peke yake.

*Mnyororo* ni wa chuma na haunyumbuki, nao hutumika kwa mitambo mizito kama matingatinga. *Mpira*, yaani kipande cha tyubu ya tairi kinachofungia kreti nyuma ya pikipiki, hunyumbuka mno: mzigo ukivuta, nao huufuata. Kwa hiyo mpira hushikilia turubai au kapu, lakini hauzuii mzigo mzito. *Mkanda* umefumwa bapa, nao hukazwa kwa *kikazio*, kifaa cha chuma chenye mpini na meno ambacho mafundi wengi hukiita *racheti*.

Tofauti ya kamba na mkanda si ya umbo tu. Kamba hufungwa fundo, mkanda haufungwi fundo kamwe. Fundo huubana uzi mahali pamoja na kuupunguzia uimara kwa kiasi kikubwa. Mwongozo ukisema "funga kamba imara" palipokusudiwa mkanda, msomaji atafuata mazoea ya kamba na kupiga fundo.

Funga, fungia, kaza, zuia

*Kufunga* ni kitenzi kipana mno: mlango hufungwa, mwaka hufungwa, mtu hufungwa gerezani. Katika jina la kifaa, kauli ya kutendea ndiyo ifaayo, kwa kuwa hutaja chombo cha kutendea kazi: *kisu cha kukatia*, *chombo cha kupimia*, *mkanda wa kufungia*.

*Kukaza* ni kuondoa ulegevu. Mkanda waweza kuwa umefungwa lakini haujakazwa; kulabu zimeshika, kikazio kimefungwa, lakini mzigo bado unacheza. Tenga vitenzi hivi viwili katika maagizo. *Kuzuia* ni lengo la kazi yote: mzigo usisogee mbele, nyuma, kando wala juu.

Zipo njia mbili za kuzuia mzigo kwa mkanda, na Kiswahili huzifunika zote kwa neno *kufunga*. Njia ya kwanza ni *kufunga kwa kukandamiza*: mkanda hupita juu ya mzigo na kuubana sakafuni, na msuguano wa mzigo na sakafu ndio unaozuia. Njia ya pili ni *kufunga kwa kuvuta*: kulabu moja hushika mzigo wenyewe, nyingine hushika tela, na mkanda hupinga moja kwa moja mwendo wa mzigo. Masanduku na magunia hufungwa zaidi kwa njia ya kwanza, magari kwa njia ya pili. Mwongozo usiotaja njia haujakamilika.

"Nguvu" tatu

Neno linalopotosha kuliko yote hapa ni *nguvu*. Lebo ya mkanda hubeba takwimu tofauti, na watafsiri wengi huzipa zote jina la "nguvu ya mkanda" au "uwezo wa mkanda". Katika Kiswahili cha fizikia neno sahihi ni *kani*, na hapa tunapendekeza istilahi tatu.

*Kani ya kukatika* ni ile inayoukata mkanda unapojaribiwa kiwandani. Ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayotangazwa na wauzaji: "mkanda wa tani 5".

*Kani inayoruhusiwa* ni kani ya juu kabisa ambayo mkanda waweza kubebeshwa kazini. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2 huandikwa LC, kwa kipimo cha dekanyutoni (daN). Dekanyutoni 1 ni takriban uzito wa kilo 1. Mkanda ukiwa kamili na kikazio chake hutakiwa kuhimili angalau mara 2 ya LC kabla ya kukatika. Katika desturi ya Marekani takwimu hii huandikwa WLL, na kwa mikanda iliyofumwa huwa theluthi moja ya kani ya kukatika. Hivyo mkanda unaokatika kwa kilo 5,000 huandikwa LC 2,500 daN mahali pamoja na takriban kilo 1,667 mahali pengine. Mtafsiri asiichukue takwimu ya mfumo mmoja na kuipa jina la mfumo mwingine.

*Kani ya mkazo* ni ile inayobaki ndani ya mkanda baada ya mtu kuuvuta mpini wa kikazio na kuuachia. Huandikwa STF, na hupimwa kwa mkono unaovuta kwa daN 50, kipimo kinachoandikwa SHF. Kwa mkanda wa kawaida wa upana wa milimita 50, mara nyingi kani hii ni kama daN 300 tu.

Kwa nini tofauti hii ni ya lazima

Tuchukue sanduku la kilo 2,000 juu ya tela, lisiloegemea ukuta wa mbele. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinakubaliana kwamba breki kali husukuma mzigo mbele kwa kani inayokadiriwa kuwa 0.8 ya uzito wake. Kuelekea kando hukadiriwa 0.5. Kwa hiyo sanduku hili litasukumwa mbele kwa daN 1,600 hivi.

Tuchukue kiwango cha msuguano kuwa 0.3. Uzito wa sanduku peke yake utazuia daN 600. Zimebaki daN 1,000 za kuzuiwa na mikanda.

Msomaji aliyeambiwa kwamba "nguvu ya mkanda ni tani 5" ataona mmoja unatosha na kusaza. Lakini katika kufunga kwa kukandamiza, kinacholibana sanduku ni kani ya mkazo, si ya kukatika. Mkanda unaoshuka wima pande zote mbili hukandamiza kwa daN 300 mara 2, yaani daN 600. Ukizidisha kwa 0.3, msuguano unaoongezeka ni daN 180. Ukigawa 1,000 kwa 180 utapata 5.6. Inahitajika mikanda 6, na hapo bado hatujaongeza akiba ya usalama wala kuhesabu kwamba upande usio na kikazio hukazika kidogo zaidi.

Pembe nayo hupunguza. Mkanda ukiwa na pembe ya digrii 60 kutoka sakafuni, sehemu inayokandamiza ni kama asilimia 87 ya mkazo. Ukiwa na digrii 30, ni nusu tu. Mzigo mfupi na mpana huhitaji mikanda mingi kuliko mrefu na mwembamba wenye uzito uleule. Hivyo takwimu ya kuangalia katika kukandamiza ni STF, na katika kuvuta ni LC.

Kufungia gari

Gari juu ya tela hufungwa kwa kuvuta, mbele na nyuma. Sheria ya Marekani hutaka gari lisilozidi pauni 10,000 (kilo 4,536) lizuiwe mbele na nyuma kwa mikanda au minyororo isiyopungua 2. Lililo zito zaidi lisipungukiwe na 4. Hutaka pia jumla ya kani inayoruhusiwa ya vifungio vyote isiwe chini ya nusu ya uzito wa mzigo.

Katika kueleza mahali pa kufungia, maneno *gurudumu*, *ekseli* na *chasisi* yasichanganywe. Mkanda unaozunguka gurudumu hulishikilia gurudumu sakafuni, na bodi hubaki huru kuchezacheza juu ya springi zake. Mkanda ulioshika chasisi huvutwa na kulegea kila gari linaporuka juu ya springi. Kulabu yaweza kuchomoka mkanda unapolegea. Pikipiki ni kinyume chake: mikanda ya mbele huvutwa chini hadi springi zibonyee kiasi, lakini zisibonyezwe hadi mwisho.

*Kabari* za magurudumu, breki ya mkono na gia ni nyongeza ya mikanda, si badala yake.

Kusoma lebo

Kwa kiwango cha Ulaya, rangi ya lebo hutaja aina ya uzi: bluu ni poliesta, kijani ni nailoni au poliamidi nyingine, kahawia ni polipropilini. Poliesta hutumika zaidi kwa kuwa hainyumbuki sana, nayo huvumilia asidi hafifu lakini huharibiwa na alkali. Nailoni huvumilia alkali lakini hunyumbuka zaidi. Mkanda ambao lebo yake haisomeki usitumike, hata ukionekana mpya, kwa kuwa takwimu zake hazijulikani tena.

Waswahili husema *kamba hukatikia pembamba*, na kwa mkanda methali hii ni kweli tupu. Uimara wa kifungio ni ule wa sehemu yake dhaifu: mshono uliofumuka, kulabu iliyonyooka, pete ya tela iliyoliwa na kutu, au utepe uliokwaruzwa na pembe kali ya bati.

Kwa watafsiri na walimu

Sentensi zifuatazo ni za kutungwa, lakini makosa yake ni ya kawaida.

*Isifae:* Usiinue mkanda huu.
*Ifae:* Mkanda huu usitumike kuinulia mzigo.
Onyo si juu ya kuunyanyua mkanda, bali juu ya kuutumia na winchi. Kauli ya kutendea hapa haiwezi kuachwa.

*Isifae:* Nguvu ya mkanda ni 2,500.
*Ifae:* Kani inayoruhusiwa katika mvuto wa moja kwa moja ni daN 2,500.
Takwimu isiyo na jina kamili wala kipimo ni ya hatari kuliko kutokuwapo kwake.

*Isifae:* Hakikisha mkanda wa usalama umefungwa kwenye shehena.
*Ifae:* Hakikisha mkanda wa kufungia umekazwa juu ya shehena.
*Mkanda wa usalama* umekwisha kuwa jina la mkanda wa abiria.

*Isifae:* Angalia mikanda baada ya muda.
*Ifae:* Simama baada ya mwendo mfupi, kagua kila mkanda na kuukaza upya.
Mzigo hujipanga safarini na mikanda hulegea. Sheria ya Marekani humtaka dereva akague ndani ya maili 50 za mwanzo, takriban kilomita 80. "Baada ya muda" haimwagizi mtu kitu.

Kuhusu anayeagizwa, msaidizi wa dereva wa lori huitwa *utingo* Tanzania na *tanboi* Kenya. Mwongozo wa kusomwa kotekote utumie *msaidizi wa dereva*, au uelekeze agizo kwa kila "anayefunga mzigo". Mara nyingi huyo ndiye anayeshika mpini wa kikazio, na ndiye anayehitaji kujua kwamba tani 5 zilizoandikwa kwenye kifurushi si tani 5 zinazoshikilia mzigo.

Tazama pia: *amari, funga, kabari, kamba, kani, kaza, kulabu, msuguano, shehena, turubai.*