Gari la 1962, injini ya miaka mingine

Leo naanza kwa kukiri kosa. Miezi michache iliyopita niliandika gazetini habari ya Volkswagen moja kuukuu iliyopo Kaoze, kule bondeni Ziwa Rukwa. Nikasema ni gari la mwaka 1962, na kwamba injini yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mwaka nilipatia. Injini nikachemsha. Nilifanya kile ambacho mwalimu yeyote wa uandishi anakukataza wiki ya kwanza: nilimwuliza mtu mmoja, nikaandika.

Lingekuwa kosa dogo tu. Lakini jamaa mmoja wa Dar es Salaam alisoma, akapiga simu, akataja bei. Tena bei ya gari ambalo halijabadilishwa kitu. Kwa familia ile, hela hiyo ni paa la bati na ada za wajukuu. Nikaona nisipojiridhisha mapema, nitakuwa nimemsaidia mtu kuuza mbuzi kwenye gunia. Basi nikateremka tena Lyamba lya Mfipa, safari hii nikiwa na fundi kutoka Sumbawanga mjini.

Kwanza tukumbushane kwa nini magari haya yalipendwa. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalipita kwenye vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Mteja aliyeona vile hakuhitaji tangazo la redio. Halafu injini ile inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Mtu anayepanda kutoka bondeni kwenda Sumbawanga, zaidi ya mita elfu moja juu zaidi, hana maji ya kuchemka njiani.

Shida ni kwamba kwa nje magari hayo yanafanana mno. Yalitengenezwa kwa miongo mingi, na la mwisho lilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Jumla yalizidi milioni 21. Umbo ni lilelile la kobe, lakini ndani mambo yalibadilika karibu kila mwaka, na kwa kawaida mabadiliko yalianza Agosti, baada ya likizo ya kiwanda. Kwa hiyo gari lililotengenezwa Septemba 1965 ni toleo la 1966. Ukilijua hilo, umeshaepuka nusu ya ubishi wa vijiweni.

Fundi hakuanza na injini. Alitazama kioo cha nyuma: kipana, cha pembe nne. Kabla ya Agosti 1957 kilikuwa kidogo chenye umbo la yai, na kabla ya 1953 vilikuwa viwili. Kisha akanyanyua kiti cha nyuma, akasugua namba ya chesisi kwa brashi ya waya. Tarakimu saba, ya kwanza 4. Kuanzia Agosti 1964 namba zilikuwa na tarakimu tisa, na zile za toleo la 1965 zilianza na 115. Hii yetu ni ya kabla ya hapo, na inalingana na 1962. Mzee mwenye gari akatabasamu.

Ndipo tukafungua nyuma.

Kitu cha kwanza ni kiti kinachobeba dainamo. Kwenye injini za zamani za 1200, zile za kabla ya Agosti 1960, kiti hicho kimesubiwa pamoja na bloku. Kwenye zilizofuata, za nguvu za farasi 34, ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwa nati. Hapa kilifungwa kwa nati. Bado tuko salama, nikajisemea.

Chini ya dainamo ndipo ilipogongwa namba ya injini. Fundi akapaka petroli, akasugua, akaniita. "Mwandishi, soma mwenyewe." Ilianza na herufi F. Hadi katikati ya 1965 namba zilikuwa tarakimu tupu. Herufi zilikuja Agosti mwaka huo: D kwa 1200, F kwa 1300, na mwaka uliofuata H kwa 1500. Kwa hiyo bloku hii ni ya 1300, na haikuwepo duniani wakati gari hili linashushwa melini.

Hayakuishia hapo. Kila hedi ilikuwa na matundu mawili ya kuingizia hewa na petroli. Hedi za injini za F zilikuwa na tundu moja tu. Yale mawili yalianza Agosti 1970. Na mabati yanayoelekeza upepo juu ya silinda yalikuwa yamekatwa kwa mkono ili hedi hizo zienee. Kwa hiyo tulikuwa mbele ya gari la 1962, bloku ya kati ya 1965 na 1970, na hedi za baada ya hapo.

Nikamtazama mzee. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Kumbe mlikuwa mnatafuta hilo? Mngeniuliza, mwanangu."

Bloku, anasema, baba yake aliinunua kwa mtu aliyeangusha gari lake. Hedi zilikuja 1982. Na hapo ndipo historia ya nchi ilipoingia kwenye injini. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 vikiwa vimeikausha hazina, na mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni za kununulia spea hazikuwepo. Ndiyo miaka ya marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili alasiri. Nafuu kidogo ilikuja 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao bila kuulizwa wamezitoa wapi. Kwa mtu wa Ufipa mwaka 1982, duka la karibu lilikuwa ng'ambo ya Tunduma, Zambia.

"Baba alilala Tunduma siku mbili kwa ajili ya hizo hedi," mzee alisema. "Zilirudi ndani ya gunia la mahindi." Mabati yalikatwa na mhunzi wa kijijini. Sikushangaa. Hii ni nchi ya malungu, zile tanuru ndefu kuliko mtu ambazo Wafipa walizitumia kuyeyusha chuma, na baadhi bado zimesimama hadi leo.

Nilimpigia mnunuzi, nikamweleza yote. Akashusha bei chini ya nusu, isipokuwa familia itafute bloku ya 1200 isiyo na herufi na hedi za tundu moja. Fundi anasema inawezekana, kwa muda na pesa. Mdogo wake mzee anataka wauze hivyohivyo. Mzee hataki hedi ziguswe. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana chini ya mwembe, na nusu ya ubishi ule niliuleta mimi.

Gazetini marekebisho yalitoka mistari minne, ukurasa wa ndani. Ndiyo maana nimeandika hapa kwa kirefu.

Kama nyumbani kwenu kuna gari la babu limekaliwa na kuku, chukua brashi ya waya na kalamu. Andika namba ya chesisi, andika ya injini, hesabu matundu ya hedi. Zisipolingana, usimwambie fundi atupe kitu. Muulize kwanza bibi kilitoka wapi.